Jiwe Nililoliamkia Kila Asubuhi

Vijana wa idara, mlinipa saa ya ukutani na kitenge cha mama watoto, mkapiga makofi, tukala pilau. Asanteni. Lakini mmoja wenu, simtaji, aliniuliza mbele ya wageni kama ule mtumbwi ulioegeshwa ghalani ulinunuliwa kwa ajili ya kupigia picha za harusi. Soda ilinipalia. Mtumbwi ule! Nilifika nyumbani nikiwa bado nimeshangaa, na mke wangu akaniambia niandike badala ya kumshangaza yeye. Basi naandika, kabla hamjaugeuza birika la kunyweshea ng'ombe.

Kazi yangu ilikuwa kupima Mto Mara: kina chake, kasi ya maji, na kuchota maji na tope kwenye chupa za kupeleka maabara. Gari linaufikia mto huo sehemu chache tu, pale darajani na kwenye vivuko. Kwingine kote, tangu unapotoka kwenye mbuga hadi unapopotelea kwenye mafunjo, njia ni maji yenyewe. Idara ilikuwa na mtumbwi mmoja na mtu mmoja wa kuupanda, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, nikilala porini kwenye hema, nikijipikia, nikiongea na ndege. Siku hizi mna mashine inayosimama majini na kutuma namba kwenye simu zenu. Siamini bado, lakini sawa.

Niliporipoti Tarime siku ya kwanza nilivaa shati jeupe na viatu vya kung'aa, nikijua nitapewa meza. Mkubwa wangu akaninyooshea kidole: "Wewe utakuwa wa mtumbwi." Nilicheka. Yeye hakucheka. Jamani, mimi ni Mkurya! Kwetu mto ni wa kunyweshea mifugo, na anayetaka kuuvuka hushika mkia wa ng'ombe. Nilipomweleza mama, aliweka ungo chini akanitazama kama niliyemwambia nimeajiriwa kuruka. "Mtumbwi?" aliuliza. "Kwani Wajaluo wameisha?"

Hawakuwa wameisha. Aliyenifundisha alikuwa Mjaluo wa kandokando ya Ziwa, Mzee Otieno, mpima mto aliyekuwa anakaribia kustaafu. Alinipeleka kwa mafundi wa mitumbwi kule kwenye mafunjo akaniambia nichague wa kwangu. Nikachagua mrefu kuliko yote, umepakwa rangi ya bluu ubavuni, mzuri wa kuposea. Mzee Otieno alicheka mpaka akakaa chini.

"Omera, ndugu yangu, huo ni wa watu wanne na samaki wao. Ukikaa ndani peke yako, upepo ndio utakuwa nahodha."

Nisikilizeni hapa, maana haya hayamo kwenye mashine yenu. Mtumbwi wa mtu mmoja uuweke kwanza majini mtupu, urudi nyuma uuangalie. Ukiwa umelalia upande, uache hapo hapo. Hautabadilika tabia kwa sababu umeajiriwa na serikali. Kisha uutazame tumbo. Wenye tumbo bapa hutulia unapoingia, nawe unafurahi, halafu siku mto ukichafuka hukumwaga bila taarifa. Wenye tumbo la mviringo hutikisika tangu mwanzo na kukutia hofu, lakini hujua pa kuishia. Sisi tulichukua wa katikati. Piga magoti ndani, usikae juu ya ubao kama mtu aliye kanisani, na mikono yako ifike majini pande zote mbili bila kukuchosha mgongo. Mwisho uuburute. Mzee Otieno aliniamuru niuburute peke yangu kupanda ukingo wenye mawe, na nilipomuuliza kwa nini asinisaidie, alisema, "Porini nani atakusaidia? Mamba?"

Siku ya kwanza majini alinipindua. Hakukosea: aliushika mtumbwi ubavu na kuupindua kwa makusudi, kwenye maji ya kifuani, mimi nikiwa ndani na nguo zangu za ofisini. Nilitoka nikitema maji na kumtusi mzee wa watu kwa Kikurya. Akanisubiri nimalize, akauliza kwa upole, "Kafi liko wapi?" Kafi langu lilikuwa limeshaanza safari ya kwenda Ziwani. "Ukipinduka," alisema, "shika kafi, halafu shika mtumbwi. Hasira utazikuta nchi kavu."

Alinifundisha kupiga kafi upande mmoja tu bila mtumbwi kuzunguka: mwisho wa kila pigo unageuza mkono, kidole gumba kikatazama maji, unasukuma kidogo kwenda nje. Mwezi mzima nilizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. "Mkurya," aliniambia, "maji si ng'ombe. Huwezi kuyachapa fimbo yakatembea." Na viboko alinifundisha hivi: mchana wanakaa penye kina, kwa hiyo wewe pita pembeni pa kina kifupi, na ugonge ubavu wa mtumbwi kwa kafi wajue unakuja. Alisema kiboko hachukii mgeni, anamchukia mgeni asiyebisha hodi. Nilidhani ni maneno ya wazee mpaka nilipomwona mmoja akifungua mdomo ambao mbuzi angelala ndani.

Sasa jiwe. Ukipiga magoti peke yako nyuma kidogo ya katikati, na mizigo yako nyuma yako, kichwa cha mtumbwi kinanyanyuka. Kikinyanyuka upepo unakishika, na mchana upepo wa kutoka Ziwani hupanda mto kwa nguvu. Utapiga kafi mpaka mabega yatoke na bado utaenda kiubavu. Dawa yake ni jiwe lenye uzito wa debe la mahindi, lililofungwa kwenye gunia lisiukwaruze mti, likakazwa kwa kamba mbele kabisa. Mzee Otieno alilipata lake kwenye ukingo wa Busawe, upande wa Serengeti, na alikuwa amelipa jina: Abiria. "Abiria wangu hali ugali wala halalamiki," alisema. Kila asubuhi kabla ya kusukuma mtumbwi aliweka kiganja juu ya gunia, akalitikisa, akasema, "Abiria, umeamkaje?"

Mimi nikaona, kama ni salamu, jiwe limenizidi umri. Nikawa naliwekea mkono na kusema, "Shikamoo, Abiria." Mzee alifurahi sana. Alipostaafu aliniachia mtumbwi, kafi na Abiria, na mimi nikaendelea na salamu kwa miaka, kwa mazoea tu, nikiamini ni mzaha wa Wajaluo.

Kisha ikaja dhahabu.

Kuwepo ilikuwepo tangu enzi za wakoloni, lakini sasa ilivuma kwamba imepatikana tele upande wa Nyamongo, na watu wakapatwa na wazimu. Sina neno jingine. Niliona mwalimu akitoka darasani na chaki mfukoni, akaelekea machimboni, hakurudi. Sokoni Tarime nilimwona bwana mmoja akibadilisha suti yake ya harusi kwa nyundo na karai. Mzee mmoja alichimba ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka kitanda kikatumbukia. Na mto wangu! Mto niliouacha na rangi yake niliukuta umekuwa chai ya maziwa. Kando yake walijaa watu wakiosha mawe yaliyopondwa, akina mama wenye watoto mgongoni wakikoroga zebaki kwa mikono mitupu kama wanaokanda unga. Niliwaambia ni sumu. Wakaniuliza sumu hiyo inauzwa wapi wakaongeze. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Mwenyeji wangu mtoni alikuwa Marwa, aliyehamia Busawe kutafuta shamba. Marwa na mimi tulisimama mbele ya kisu asubuhi moja, na kwetu mwenzako wa jando ni zaidi ya ndugu. Nyumba yake ni yako. Akipenda fimbo yako anaichukua, na hakuna atakayeita huo wizi. Jambo lisilovumilika ni moja, kumficha mwenzako. Nilikuwa nikifika nausimamisha mtumbwi ukingoni, napanda kwake, nalala, nakula ugali wa mtama wa Bhoke, mke wake, halafu naendelea na safari.

Safari moja ya wakati huo nilifika nikakuta zizi liko tupu. Marwa alikuwa na jozi ya maksai iliyosifiwa kata nzima; kulima kwake ilikuwa raha kutazama. Niliuliza maksai wako wapi. Bhoke alinionyesha kwa mdomo nyundo na karai vilivyoegemea ukuta. "Hao hapo," alisema. "Usiku hawali majani." Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Baada ya chakula Marwa alisogeza kigoda karibu.

"Mwita, mura," aliniita kama vijana wa Kikurya wanavyoitana, "lile jiwe."

"Jiwe gani?"

"La kwenye mtumbwi. Watu wamekuona."

"Wameona nini?"

"Unaliamkia. Mtu wa serikali, mwenye shule yake, anakwenda mahali hapana watu na jiwe kwenye gunia, na asubuhi analiambia shikamoo. Shikamoo, Mwita! Hata mkuu wa wilaya wengine hawampi."

Nilicheka mpaka nikaona nacheka peke yangu. Nikamweleza: linainamisha kichwa cha mtumbwi, basi.

"Mawe yamejaa nchi nzima. Mbona ni hilo hilo miaka yote? Mbona umelivika?"

"Lisikwaruze mti."

"Na maji unayotia kwenye chupa? Na tope?"

"Ya maabara, Marwa."

"Ya kutafuta dhahabu."

"Ya kutafuta sumu!"

Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Sawa," alisema. "Umenificha mimi." Akaingia ndani kulala.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulikwenda kanisani mimi na Bhoke. Marwa alisema mgongo unamuuma, na tuliporudi hakuwepo. Jumatatu aliondoka alfajiri na karai lake. Bhoke aliona aibu kwa jinsi mumewe alivyoninyamazia, akakataa niondoke kabla hajanichinjia kuku, kwa hiyo nilifika mtoni jua limeshapanda na upepo umeshaamka. Kwenye ukingo walikuwa wamejaa waosha mawe, na wote waliacha kuosha wakanitazama mimi, na hasa wakalitazama gunia langu. Nilijua wanachosubiri. Jamani, nisimame mbele ya kundi lile nimwambie Abiria shikamoo? Nikaona haya. Niliangalia gunia limekaa mahali pake, limejaa, limefungwa. Nikausukuma mtumbwi bila salamu. Ulishuka majini kwa wepesi mpaka nikajisifu: kuku wa Bhoke amenitia nguvu.

Kuku! Sikufika mbali nikaona kichwa kinatazama mbingu. Upepo ulikipiga kikaenda kulia. Nilikirudisha, kikaenda kushoto. Mbele yangu mto unabanwa na mawe, na baada ya mawe kuna kilindi chenye viboko ambao mimi nawafahamu na wao wananifahamu. Pale kupita ni upande wa kushoto tu, kichwa kimenyooka. Mtumbwi wangu ulikuwa unakwenda kiubavu kama mlango. Nikajitupa mbele kulikaza jiwe, nikidhani kamba imelegea. Mkono wangu ulizama ndani ya gunia. Nikalivuta. Magunzi. Gunia zima la magunzi ya mahindi!

Nimeulizwa mara nyingi niliwaza nini. Sikuwaza kitu, nilishangaa tu. Nilishangaa kwa sauti kubwa, katikati ya mto, na magunzi yakaanza kuelea kunizunguka. Kilichoniokoa ni mwili kukumbuka kabla yangu. Kama abiria hayupo, abiria ni wewe. Nilisogea kwa magoti mpaka mbele ya katikati, nikainama kifua kikagusa mbao, kichwa kikashuka, nikapiga kafi upande wa kulia kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Kiliitikia. Kilianza kuelekea kushoto, taratibu, na jiwe la kwanza likanipita karibu ningeweza kulipiga busu. La pili sikuliona. Lilinipiga ubavuni, maji yakaingia mpaka kiunoni, na mtumbwi ukaanza kunipeleka kule kwenye masikio ya viboko.

Hapo niliona mtu mtoni. Alikuwa amesimama kwenye kina kifupi chini ya mawe na karai mkononi. Aliinua uso, akaona magunzi yanamjia, kisha akaniona mimi. Alikuwa Marwa. Hajui kuogelea, tangu utoto anaogopa maji kuliko chui. Alitupa karai na vyote vilivyokuwamo. Akaja. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akawa anapiga kelele kwa Kikurya akimwita mama yake, na bado akaja. Aliudaka mtumbwi kichwani kwa mikono yote miwili akaning'inia hapo. Na niaminini nikisema: kwa uzito wake ule kichwa kilitulia! Nilipiga kafi nikiwa nalia, tukaenda pembeni mpaka miguu yake ikapata mchanga.

Tulilala ukingoni kama samaki. Viboko walituangalia, wakazama.

"Ni jiwe tu," Marwa alisema.

Nilitema maji ya mto.

"Nimelipondaponda lote jana. Leo nimeliosha mpaka mwisho. Hamna kitu, Mwita. Ni jiwe."

"Nilikwambia!" Nilikuwa nimeinuka na kafi mkononi, na nakiri nilikuwa nataka kulitumia. "Ungeniua! Kwa tamaa ya dhahabu!"

"Tamaa ilikuwepo," alisema. "Lakini zaidi nilitaka kujua kama umenificha. Nilipoona halina kitu nilifurahi, mura. Nilifurahi kwamba hukunificha. Ndipo nikaona magunzi."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na mimi nilikuwa nimeshautayarisha msemo huo niutumie. Sikuutumia. Nilimtazama mtu anayeogopa maji, ameloa mpaka kwenye nywele, nikaweka kafi chini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakausha hema ukingoni, wale waosha mawe wakiwa wamejaa kama jana, nilipomwona Marwa akishuka na kitu begani. Kilikuwa cheusi tii kwa masizi. Nyuma yake alikuja Bhoke. Marwa alikiweka mbele ya mtumbwi taratibu, nami nikakitambua nikapigwa na butwaa: lilikuwa figa. Alikuwa amelitoa moja ya mafiga matatu ya jiko lao.

"Hili hatalipenda mtu," alisema. "Lingekuwa na dhahabu, Bhoke angekuwa ameshaiyeyusha."

"Marwa, rudisha figa la mke wako!"

"Nimelitoa mwenyewe," alisema Bhoke. "Chungu changu kitakaa vibaya mpaka utakaporudi. Ukifia mtoni, huyu atakula mbichi maisha yake yote. Sasa ataona kama ana rafiki au hana."

Watu wote wakaacha kuosha. Nilifunga figa kwenye gunia, nikalikaza mbele, nikaweka kiganja juu yake na kulitikisa. Ndipo nilipomwelewa Mzee Otieno baada ya miaka yote ile. Mzee wa watu hakuwa anasalimia. Alikuwa anakagua! Aliivika kazi nguo ya mzaha ili isisahaulike, na mimi siku moja nikaona aibu kwa mzaha, nikaacha kazi. "Shikamoo, Abiria," nilisema, kwa sauti, mbele ya machimbo yote. Hakuna aliyecheka.

Niliporudi salama nikampelekea Bhoke figa lake. Alikataa. "Utakwenda tena," alisema. Safari iliyofuata nikajaribu tena, akakataa tena. Pengo lilijazwa na tofali la kuchoma ambalo halikuwahi kulingana na wenzake, na chungu cha nyumba ile kikaegama upande mmoja miaka yote niliyofanya kazi. Nimekula kwao ugali ulioungua kushoto na kuwa mbichi kulia mara nyingi kuliko nilivyohudhuria mikutano yenu, na sikuthubutu kulalamika. Marwa hakuacha dhahabu kwa sababu yangu, msidhani. Dhahabu ndiyo ilimwacha, kama ilivyowaacha wengi, na ilimchukua muda mrefu kupata tena ndama wa kufundisha jembe.

Sasa mtumbwi uko ghalani, na kafi liko nyuma ya mlango. Siku mashine yenu ikisombwa na mafuriko, na itasombwa, mtauhitaji. Gunia mtalikuta tupu, msimtuhumu mlinzi. Mawe ya ukubwa ule yako tele Busawe, lakini nawashauri mchukue la mtu atakayekosa usingizi msiporudi.

La kwangu nimelipeleka lilikotoka. Wiki moja baada ya pilau yenu nilipanda basi mpaka Mugumu, nikachukua bodaboda hadi Busawe, nikiwa nimelipakata lile figa. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama ni dhahabu, nikashangaa kwamba bado wanauliza. Marwa siku hizi anatembea na fimbo. Bhoke aliinuka. Alilitupa tofali nje, akalipokea figa, akalipangusa kwa kanga yake, akaliweka kwenye shimo lake la zamani. Akateleka chungu. Kilikaa sawasawa.

Marwa alikiangalia kile chungu, akaniangalia mimi.

"Haya," alisema. "Sasa umerudi."